Liwali wa Manassas

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba, mwanzoni mwa miaka ya themanini, shemeji yangu aliposimama mbele ya ukuta wa nyumba ya watu huko Manassas, Virginia, akaacha kunijibu. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimeitazama ili nimhimize. Wakala wa tiketi za ndege alifunga saa sita mchana siku za Jumamosi, ofisi yake ilikuwa Bladensburg, Maryland, karibu na tulikoishi, na barabara ya kutoka Virginia ilikuwa inatengenezwa.

Tulikwenda Manassas kwa ajili yangu. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kupasha joto majengo, na nilikuwa natafuta jiliwa kubwa ya kubania mabomba. Marekani mtu akifa, aghalabu watoto wake hufungua mlango na kuuza kila kitu kwa siku moja, kuanzia vijiko hadi kitanda alichofia, na magazeti hutangaza. Jiliwa niliipata karakanani. Nilipopanda juu kumwita shemeji nilimkuta katika chumba cha kulia chakula, mikono ameiweka nyuma, kama mtu aliyeitwa mbele ya mkubwa.

"Shemeji, twende. Tutaikosa tiketi ya ami."

Hakugeuza hata shingo.

"Shemeji!"

"Shusha sauti," akasema. "Huoni nani yupo hapa?"

Ukutani palikuwa na picha ya rangi za mafuta, ndefu kama mtoto wa miaka kumi, katika fremu ya rangi ya dhahabu iliyobanduka pembeni. Mwanamume mnene alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Alivaa joho refu jekundu lililoiva, mikono ya joho imepasuliwa na kutupwa nyuma ya mabega. Ndani yake kanzu ya manjano yenye vifungo vidogo hadi shingoni. Kiunoni alijifunga mahazamu mapana ya hariri yenye nyuzi za dhahabu, na vishada vinaning'inia. Ubavuni alikuwa na kitara, upanga uliopinda. Kichwa kilinyolewa, kikaachwa kishungi utosini, na masharubu yalishuka hadi karibu na kidevu. Vanishi ilikuwa imeingia weusi kwa uzee, kwa hiyo uso wake ulionekana wa kahawia.

Baadaye watu walimcheka sana shemeji, hivyo ni haki niseme kwamba nami, kwa mtazamo wa kwanza, niliona Mwarabu. Mtu yeyote wa pwani angeona Mwarabu.

"Huyu ni babu," alisema. "Baba yake babu yangu. Liwali."

Hadithi hiyo niliijua, kwa kuwa mke wangu ni dada yake na aliwahi kunisimulia. Nyumbani kwao Unguja ilisemwa kwamba mzee wao mmoja, aliyekuwa liwali, aliwahi kuchorwa na Mzungu aliyeteremka melini, na Mzungu akaondoka na picha. Picha nyingine zote za ukoo, zile za kamera, mama yao alizitia katika jiko la mkaa wiki ya mapinduzi, ili atakayeingia ndani asijue ameingia kwa watu gani. Shemeji wakati huo alikuwa kijana, na alimsaidia kuzichana. Walioondoka baadaye waliondoka na nguo tu.

Nieleze pia kwa nini tiketi ya ami ilikuwa jambo kubwa. Shemeji alikuja Amerika kwa viza ya masomo. Masomo yakaisha, viza ikaisha, mwishowe na pasipoti ikaisha, na nchi iliyoitoa hakuwa tayari kuiomba nyingine. Alikuwa na miaka arubaini na sita, anaosha masufuria katika jiko la mkahawa na kulipwa mkononi. Lakini kule Uarabuni, nchi ya babu zake ilikuwa inawapokea watu wake waliotawanyika pwani ya Afrika. Iliwapa karatasi, kazi, wengine nyumba. Sharti lilikuwa kujulikana: ndugu wa kabila lako asimame mbele ya sheikh wa kabila na kusema kwa kinywa chake kwamba namjua huyu, na baba yake nilimjua. Katika ndugu wa namna hiyo shemeji alibakiwa na mmoja, ami yake, mdogo wa baba yake, aliyekuwa Mombasa na amepita miaka themanini. Tiketi ilikuwa ya kumpeleka ami huyo mbele ya sheikh. Pesa yake yote ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti la shemeji, asubuhi ile, Manassas.

Mwenye kuuza alikuwa binti wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye haraka. Nilimuuliza picha ni ya nani. Akasema baba yake alitoka nayo Ulaya baada ya vita, na nyumbani walimwita tu Mturuki.

"Umesikia?" shemeji aliniambia kwa Kiswahili. "Wanamwita Mturuki. Hawajui hata wamemweka nani mezani."

"Na ndevu ziko wapi?" nikamuuliza. "Liwali asiye na ndevu?"

"Alikuwa bado kijana."

"Kijana na kitambi hicho?"

"Shemeji, wewe mtu wa Tanga. Utajua nini habari za majoho?"

Nilimshika mkono tukatoka hadi kwenye ngazi za nje. Nilimwambia kwamba picha haiwezi kuapa. Nilimwambia twende kwanza tukakate tiketi, na tumwombe huyu mama atuwekee picha. Alinisikiliza vizuri, kama kawaida yake.

"Ami anasahau," akasema. "Juzi kwenye simu kaniuliza hali ya baba mara mbili. Baba kafa mwaka gani? Nitampeleka mbele ya sheikh, aanze kuuliza hali ya baba? Picha haisahau. Nitaingia nayo ubalozini, watamwona wenyewe, basi."

Alirudi ndani na kulipa. Tulikunja kiti cha nyuma cha gari langu, tukamlaza mzee chali, jiliwa ikakaa miguuni pake. Njia nzima shemeji aliniomba nisikate kona kwa nguvu.

Mke wangu alipofunguliwa mlango wa gari alitazama muda mrefu.

"Tiketi iko wapi?" aliuliza.

"Tiketi ndiyo hii," alisema kaka yake.

"Kaka, umenunua mtu kwa pesa ya ami?"

"Nimemkomboa. Na ni babu yako vilevile, usisimame mlangoni kama mgeni."

"Babu yangu hana hata pua yetu."

Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa na aliyetuelewa sisi na kutujibu kwa Kiingereza, aliuliza kama huyo ni haramia. Shemeji alimwambia kwa upole kwamba huyo ni mkubwa wake, na amsalimie. Mtoto alitutazama sote, akacheka, akasema: "Shikamoo."

Ugomvi uliofuata ulikuwa wa mahali pa kumweka. Sebuleni ndipo tuliposali, na mke wangu hakutaka uso wa mtu pale, awe liwali awe nani, kwa sababu malaika hawaingii penye sura. Chumbani kwa shemeji picha haikuenea. Ikabaki sebuleni, kwenye ukuta wa nyuma, imefunikwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Shemeji aliifunua akirudi kazini, akaketi mbele yake na kikombe cha chai, kisha akaifunika kabla ya magharibi. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta mke wangu amesimama pale, amenyanyua kanga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine amelikamata paji la uso la binti yetu, analigeuza kwenye mwanga. Aliponiona aliishusha kanga na kwenda jikoni.

Mimi nilisoma hadi darasa la nane. Zaidi ya hapo, nilichokijua nilikitoa maktaba ya umma, Jumamosi na Jumapili, kwa utaratibu: kwanza jinsi boila inavyofanya kazi, kisha joto lenyewe ni nini, na kutoka hapo kila kitabu kilinipeleka kwa kingine. Sikuwa na elimu ya picha. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya kuanza na kile kisichokubaliana na mengine. Ndevu hazikuwepo. Mikono ya joho ilipasuliwa, na sikuwahi kuona joho la pwani lililopasuliwa hivyo. Nikamwomba mwanamke wa maktaba vitabu vya mavazi ya kale, na nikaanza na Waturuki, kwa kuwa marehemu alimwita Mturuki.

Hakuwa Mturuki. Jumamosi ya pili, katika kitabu kinene cha mavazi ya Ulaya, nilifungua ukurasa nikamkuta amesimama: joho lile, mikono ile, mahazamu, kitara, kishungi na masharubu. Hakuwa mtu yuleyule ila vazi lilikuwa lilelile. Maelezo yalisema ni kabaila wa Poland, karne ya kumi na nane. Makabaila wa huko, kilisema kitabu, walipenda kuvaa kwa mtindo wa Waturuki na Waajemi waliokuwa wakipigana na kufanya biashara nao, na mahazamu yao ya mwanzo yalitoka Uajemi kwenyewe. Kitabu kilisema pia kwamba katika picha kama hizo nembo ya ukoo huchorwa kwenye pembe ya juu.

Nilirudi nyumbani, nikanyanyua kanga, nikaimulika pembe ya juu kwa tochi ya kazini. Chini ya weusi palikuwa na ngao ndogo. Ndani yake chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi, na katikati ya chuma, msalaba.

Nilimwambia shemeji siku hiyohiyo. Sikuona njia nyingine. Tulikaa jikoni, mke wangu akichambua mchele, na nikamweleza kila kitu kwa mfuatano, kisha nikampeleka kwenye picha na kumpa tochi. Alimulika muda mrefu.

"Nanga," alisema.

"Nini?"

"Hii ni nanga. Si alichorwa na mtu wa melini? Kaweka nanga."

"Shemeji, nanga ina mikono miwili ya chini, na pete juu. Huu ni msalaba, tena uko ndani ya kiatu cha farasi."

"Wewe umekwenda kumtafuta mtu wetu katika vitabu vya Wazungu. Unategemea watakwambia nini? Watakwambia ni Mzungu."

"Kitabu kinasema wao waliiga mavazi kutoka kwa Waajemi."

"Haya, umeona! Wameiga. Kwa hiyo mwenye vazi ni nani?"

Mke wangu alicheka bila kutaka. Kaka yake naye akacheka, na kwa dakika ile nilifikiri yamekwisha. Kisha shemeji akaketi, akaiweka tochi mezani, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanaume, acha. Nina miaka ishirini na kenda ninaposema mimi ni mtoto wa fulani, mtu ananitazama mdomo tu. Leo nimepata kitu cha kuonyesha. Utanipeleka ubalozini au nimchukue kwenye basi?"

Hesabu yake haikuwa sahihi, kutoka mapinduzi haikufika hata miaka ishirini. Sikumsahihisha. Nilimpeleka.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, mvua nyembamba. Picha tuliifunga shuka mbili na karatasi ya nailoni, tukaipandisha ngazi za ubalozi kama watu wanaohamisha kabati. Tulikalishwa chumba chenye mazulia, tukaletewa kahawa chungu na tende. Ofisa aliyetujia alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, kilemba kimefungwa vizuri, na alipofungua mdomo alitoa Kiswahili cha Unguja kilekile cha mke wangu. Nyumbani kwao kulikuwa Malindi, mtaa wa Unguja. Alikuwa mvulana wa shule walipoondoka. Nilimwona shemeji akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Tuliifungua picha. Ofisa aliitazama, akasogea, akainama kwenye mahazamu. Hakucheka. Kama angecheka labda ingekuwa rahisi zaidi kwa shemeji kugombana naye.

"Mzee wangu, umemtoa wapi?"

Shemeji alieleza yote, na Manassas. Mimi sikusema neno. Nilikuwa nimemwahidi hivyo garini.

"Ni picha nzuri," alisema ofisa. "Mimi si mjuzi wa picha. Lakini tuchukulie ndiye. Tuseme ndiye kabisa, na jina lake limeandikwa hapo chini. Wewe ni kitukuu chake, nani kasema?"

"Mimi."

"Ndiyo hapo, mzee wangu. Wewe unamjua yeye. Nataka anayekujua wewe. Mtu hai, mwenye ulimi. Huna hata mmoja?"

"Ninaye ami. Yuko Mombasa."

"Yuko hai?" Uso wa kijana ulichangamka kweli. "Sasa unahangaika na mbao kwa nini? Mpandishe ndege! Mbele ya sheikh ni maneno ya dakika tano. Baba wa fulani, mtaa fulani, basi. Mpeleke upesi tu, wazee hawa hawangoji."

Alitusindikiza hadi chini na akashika upande mmoja wa picha mwenyewe, kilemba chake kikilowa.

Garini shemeji alitazama mvua mpaka tulipovuka mto wa Anacostia. Hapo akasema, "Dakika tano." Baadaye kidogo akasema tena.

Tulianza kuweka pesa upya. Nilikuwa nimelipia matengenezo ya gari mwezi ule na sikuwa na akiba, kwa hiyo ilikuwa mshahara wangu wa ziada wa siku za baridi, anaoupata fundi mitambo inapokufa, na masufuria ya shemeji, ambaye alichukua zamu ya pili. Mke wangu alipika sambusa na vitumbua akawauzia watu wa Bowie, mji wa jirani, waliokuwa na nyumba zao na harusi zao. Simu za Mombasa zilikuwa ghali, na shemeji hakutaka kuila pesa ya tiketi kwa simu. Alisema atapiga tukiwa tayari, ampe ami habari na tarehe pamoja.

Mwishoni mwa Februari, tulipokuwa tumefika nusu, hakuweza kuvumilia. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kule jioni. Tulisimama sote watatu jikoni. Aliyepokea alikuwa binti yake ami, anayekaa naye. Shemeji alimwamkia, akamweleza, akaomba apewe mzee. Nilikuwa karibu, na laini ilikuwa safi kuliko kawaida, nilisikia kila kitu.

"Kaka, nitampa," alisema yule mwanamke. "Lakini usivunjike moyo. Toka mwezi wa kumi na mbili hayuko. Mimi mwenyewe ananiita mama."

Kisha sauti ya mzee, ya nguvu, yenye furaha: "Nani huyo?"

"Ami, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Nani?"

Shemeji alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, mtaa wao, mlango wao uliokuwa unatazama msikiti.

"Huyo ni ndugu yangu uliyemtaja," mzee alisema.

"Ndiyo, ami. Mimi mwanawe."

"Ndugu yangu hakuzaa mwana wa kiume," alisema mzee, kwa adabu, kama anayemsaidia mtu aliyepotea njia. "Alikuwa na binti. Wewe mtoto wa nani, baba? Umekula?"

Shemeji alisema amekula. Alimwombea mzee afya. Alimrudishia binti wa ami simu, au alifikiri anafanya hivyo, kwa maana alikuwa ananipa mimi mkono wa simu, na mimi ndiye niliyeagana naye. Mke wangu, huyo binti aliyekumbukwa, alikuwa amekaa kwenye sakafu ya jikoni.

Nilijaribu mambo mawili baada ya hapo. Nilimwandikia yule ofisa kuuliza kama ushahidi wa dada, au wa binti wa ami, wenyewe wasio na karatasi za huko, ungesikilizwa. Alinijibu kwa heshima kwamba nao wangehitaji wa kuwashuhudia. Kisha nilimuuliza shemeji kama kuna mwingine yeyote, jirani, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa shamba. Alifikiri kwa siku kadhaa na kunitajia watu watano. Wote walikuwa wamekufa, na wawili kati yao alijua wamekufa wakati ananitajia.

Mwezi wa Aprili alisema picha iuzwe. Kanga zilikuwa hazijafunuliwa tangu Februari. Nilimpeleka kwa mwuza vitu vya kale mjini Washington, mzee aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye nywele. Aliigeuza picha, akakwaruza kitambaa kwa nyuma kwa ukucha, akanusa.

"Kabaila wa Poland," alisema, bila sisi kumuuliza. "Ila hii ni nakala, imechorwa miaka mia baadaye ili kupamba nyumba ya jamaa. Jina halipo. Fremu ndiyo yenye thamani kidogo."

Nilimtafsiria shemeji, ingawa Kiingereza alikijua. Alitikisa kichwa taratibu.

"Nani ananunua kitu kama hiki?" alimuuliza yule mzee.

"Watu wengi. Mtu amejenga nyumba mpya huko Bowie, ana ukuta mrefu, hana mzee wa kuweka. Anakuja hapa ananunua. Mwaka mmoja tu, anawaambia wageni ni babu yake mkubwa."

Shemeji alicheka. Alicheka hadi akashika meza, na mwuza vitu akacheka naye akidhani amechekesha.

"Kumbe tuko wengi," shemeji aliniambia. "Mpe, mpe. Achukue."

Alipokea alichopewa bila kuvutana na akaniachia nihesabu. Jioni alirudi kwenye zamu yake ya masufuria, ambayo aliendelea nayo miaka yote niliyobaki Maryland. Pesa ya nusu ya tiketi tuliipeleka Mombasa kwa matibabu ya ami. Kwa upande wa picha, shemeji aliinunua kwa dola mia nane na ishirini, akaiuza kwa mia moja arubaini na tano. Hasara: dola mia sita sabini na tano.